Mpia Hayiko mu Masini

Juzi kijana mmoja alikuja kwangu hapa Kamina akitaka nimwelekeze katika kazi ya kuandika programu. Alikaa kabla sijamkaribisha, akafungua kompyuta yake juu ya meza yangu ya kulia, akaniambia: "Mama Serafina, bya zamani bilikuwa nguvu bure. Leo kutafuta bantu mu data iko paka mustari moya." Nikamwambia afunge hiyo kompyuta, atoke, na arudi siku atakayokuwa amejifunza kusalimia.

Mstari mmoja tu. Nikisikia maneno hayo damu inanichemka. Nimestaafu, ndiyo, lakini hasira zangu hazikustaafu pamoja nami. Sasa nyinyi vijana mnaojifunza kazi hii, kaeni niwaeleze mstari mmoja uliwafanya nini watoto wa hapa kwetu, tena bado kuna watu wanautamka kwa majivuno. Najitahidi kuandika Kiswahili cha shule, kile nilichofundishwa na masista. Nikipandisha hasira, cha nyumbani kitajitokeza chenyewe, na mtanivumilia.

Kazi yangu ilikuwa katika mituele ya afya. Familia za vijiji vya kando ya mji na familia za askari wa Base, kambi ya jeshi, zilichanga pamoja, na mtu wao akiugua alipokelewa hospitalini kwa kuonyesha karte. Karte ilikuwa na jina lake na kundi la damu yake. Programu iliyotoa karte hizo niliiandika mimi, na kwa miaka mingi nilikuwa peke yangu katika chumba cha masini, yaani kompyuta, mimi na jenereta iliyokuwa ikikohoa nje ya dirisha.

Kabla ya mambo mapya, kutafuta mtu ndani ya hifadhidata kulikuwa na adabu yake. Programu ilizungumza lugha moja, ghala la majina lilizungumza lugha nyingine, na swali ulilifunga ndani ya alama za kunukuu kama mzigo. Programu ililibeba bila kulisoma. Ukisahau nafasi kati ya maneno mawili, hakuna aliyekuambia kitu. Ulikuja kujua asubuhi, watu wamejaa mbele ya gishe, dirisha lile la kupokelea, na masini imejaa maneno mekundu. Basi tulitoka nje tukawaambia kina mama kwamba rezo, yaani mtandao, imeanguka. Miaka ile tulisingizia rezo kwa kila kitu, na rezo maskini haikuwa na mdomo wa kujitetea.

Halafu akaja Fidele. Ni kijana wa kartié yetu, mtaa wetu huu, nilimjua tangu anavaa kaptula, akaenda kusoma Lubumbashi akarudi mhandisi. Yeye ndiye aliyetuletea lugha mpya ambamo swali si mzigo tena. Swali limeingia ndani ya lugha yenyewe. Unaandika: kutoka kwa watoto wote, wale ambao makao yao ni Base, wapange kwa jina, nipe. Ukikosea herufi moja, masini inakusimamisha palepale ungali unaandika, kabla mama yeyote hajapanga foleni. Nisiseme uongo, nilipenda. Nilikuwa mtu mzima mwenye wajukuu, na nilikaa kando ya kijana yule kama mwanafunzi wa darasa la kwanza, naye alinifundisha kwa uvumilivu ambao sikuwahi kumpa mtu.

Kilichoniudhi tangu mwanzo ni mafunzo yenyewe. Kila mfano uliokuja kwenye skrini ulikuwa wa duka. Mteja kanunua machungwa, mteja kanunua sabuni, panga wateja kwa mji. Wateja hao kila mmoja alikuwa na jina lake lisilofanana na la mwingine, siku yake ya kuzaliwa na nambari yake safi. Nikamuuliza Fidele ni nchi gani hiyo ambayo watu wake hawafanani. Akacheka. Mimi sikucheka.

Jambo la kwanza lililoniuma katika lugha hiyo nitawapa bure, mlishike. Nilitaka watoto wa kijiji kimoja tu. Nikaandika swali langu vizuri, lakini nikalipanga vibaya: nikasema kwanza leta majina yote, kisha ndiyo chuja. Masini ikaanza kuvuta mkoa mzima kupitia ile rezo yetu nyembamba. Jolie, binti aliyekaa gishe, akaanza kupiga kelele kwamba kila kitu kimeganda. Fidele akaja, akaangalia, akanitazama kwa huruma.

"Mama, umeshusha samaki yote ya Bukama ku gare," akasema, "juu ya kutafuta kitunga moya."

Kwa kikapu kimoja nilikuwa nimeshusha shehena nzima ya samaki stesheni. Tangu siku hiyo naweka kichujio kabla ya kuleta, na sijasahau tena.

La pili ni hili, nalo vijana wengi hadi leo hawajalielewa hata wakiwa na diploma ukutani. Ukiandika swali, hujauliza bado. Limekaa hapo linakusubiri. Linaulizwa pale unapoanza kuchukua majibu, na ukichukua mara mbili linaulizwa mara mbili. Asubuhi moja nilihesabu watoto wa Base, nikaenda kunywa chai, nikarudi nikahesabu tena kwa swali lilelile, hesabu ikawa nyingine. Nikamgeukia Jolie nikamwambia amechezea data zangu. Jolie akavimba, akaacha kunisalimia. Kumbe alikuwa anaandikisha watoto wapya kama alivyoajiriwa kufanya, na swali langu lilikwenda kuuliza upya likawakuta. Ilibidi nimnunulie mikate ya kukaanga ndipo tukapatana. Kwa hiyo mkitaka jibu lisibadilike, lichukueni, mliweke pembeni, mfanye kazi na hilo. Msifanye kazi na swali mkidhani ni jibu.

La tatu ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Katika lugha hiyo kuna maneno mawili ya kuchukua mtu mmoja ndani ya kundi. Moja linaitwa First. Hilo huchukua wa kwanza linayemkuta, likaondoka zake. Kama nyuma yake wamesimama wengine, halijali, halisemi kitu, halina hata kikohozi. La pili linaitwa Single. Hilo nalo huchukua mmoja, lakini likikuta wako zaidi ya mmoja, linakasirika, linasimamisha kazi yote na kudai uje ujieleze. Vijana hawalipendi kwa sababu linawavunjia programu mbele ya wakubwa. Wanapenda First, kwa sababu First haina ugomvi na mtu.

Sasa sikilizeni. Shefu wetu, sitamtaja jina, alikuwa ameshika wazo kwamba kina mama wa Base wanaandikisha mtoto mmoja mara mbili ili wapate karte mbili. Ni kweli palikuwa na marudio, sikatai. Waandikishaji walipita nyumba zilezile mara mbili, na mtoto mmoja aliandikwa Ngoie huku na Ngoy kule. Lakini Shefu hakutaka kusikia habari za waandikishaji. Yeye alitaka kina mama wawe wezi. Nami wakati huo nilikuwa nimetumwa Bukama kufunga masini katika kituo cha afya kule mtoni, nikakaa wiki kadhaa nikila samaki na kugombana na betri. Basi Shefu akamwita Fidele akamwambia asafishe.

Fidele akaandika mstari mmoja. Wakusanye watoto kwa nambari ya nyumba, jina la mama na siku ya kuzaliwa. Katika kila kundi chukua wa kwanza. Waliobaki wafiche. Tena akaufunga mstari huo kwenye saa ya masini, ukawa unapita wenyewe kila alfajiri. Hesabu ikashuka, Shefu akafurahi, akawaandikia wafadhili, ba bailleurs kama alivyowaita, kwamba marudio yameisha Kamina. Nasikia walipiga makofi katika mkutano.

Niliporudi kutoka Bukama, kitu cha kwanza nilichosikia nikiwa bado na mzigo mkononi ni sauti ya Jolie gisheni.

"Hayiko, Mama. Minaangalia, hayiko mu masini."

Mbele yake alisimama mke wa askari kutoka Base. Kwao ni kule Équateur, mbali kabisa, lakini amekaa Kamina hadi Kiswahili chake kimekuwa cha hapa. Wote walimwita Mama Mapasa, kwa sababu alizaa pacha, na huku pacha tunawaita mapasa. Mgongoni alibeba mtoto mkubwa, mtoto wa kwenda shule, asiye wa kubebwa tena. Miguu yake ilining'inia hadi karibu na magoti ya mama yake. Macho yake yalikuwa ya njano. Alikuwa na ule ugonjwa wa damu tunaouita SS, ambao mifupa huuma na damu huisha mwilini, na kila mara huwa lazima aongezewe.

"Hayiko namna gani?" mama akauliza. "Na uyu mwenye niko nabeba ku mugongo ni nani?"

"Mbo iko. Mpia njo hayiko."

"Juma ile nilikuya, mukamwandika. Kesho yake, hayiko. Nikarudia, mukamwandika tena. Leo hayiko. Uyu mutoto anaendaka wapi butshiku?"

Jolie akaitazama tena skrini, kana kwamba ingemwonyesha mtoto huyo huenda wapi usiku. Alikuwa amemwandika kweli kwa mikono yake, na mtoto alikuwa akipotea kweli. Alinitazama karibu kulia.

Kelele zikamtoa Shefu ofisini kwake. Alikuja akifunga kifungo cha koti, akasikiliza nusu ya maneno, akatoa hukumu. "Mama, aingie na karte ya mwenzake. Si iko mapasa? Mapasa ni kintu kimoya."

Nataka mjue kwamba Shefu ni mtu wa hapahapa. Si mgeni. Katika kijiji alikozaliwa, mapasa wakizaliwa watu wanacheza hadi vumbi linafunika nyumba, na kila anayekuja analeta viwili: vitambaa viwili, sabuni mbili, kuku wawili. Ukileta kimoja unarudishwa nacho mlangoni. Mama yake mwenyewe hangethubutu kumpa mmoja boga bila kumpa na mwingine. Halafu mtu huyo anavaa koti, anasimama mbele ya gishe, na anasema wawili ni kitu kimoja.

Mama Mapasa hakupandisha sauti. Alimweka mtoto vizuri mgongoni, akamtazama Shefu.

"Minyi nilizala babili," akasema. "Nilizala Mbo, nikapumzika, nikazala Mpia. Damu ya Mbo iko A. Ya uyu iko O. Mukimutiya damu ya mwenzake, atanifia apa. Munganga alinieleza, na minyi nilishika."

Ndipo nilipotua mzigo wangu chini. Hospitali hupima damu, ndiyo, ikiwa na dawa ya kupimia. Siku dawa hiyo imekwisha, nanyi mnajua inavyokwisha, wanaangalia karte. Shefu alikuwa anampeleka mtoto yule na kundi la damu ya ndugu yake, mbele ya macho ya watu, na alikuwa anaona amemsaidia.

"Mapasa ba kwenu banaitwaka Mbo na Mpia?" nikamuuliza mama, kwa sababu mimi ni Muluba, majina ya Équateur siyajui.

"Njo hivyo. Mwenye anatangulia ni Mbo, mwenye anafuata ni Mpia. Ata mu nyumba gani. Ba kwenu?"

"Kyungu na Kabange," nikamjibu, na nikilitamka lile la pili nikagutuka: Kabange naye ndiye anayefuata.

Nikamwambia aketi kwenye benchi na mtoto asishuke, nakuja. Nikaingia kwa Fidele. Sikumsalimu, na yeye akajua kuna neno. Nikamwambia: "Uliza watoto wote wanaoitwa Kyungu." Akaandika, wakaja, skrini ikajaa, wa Base, wa mjini, wa vijiji vya kando ya reli. "Sasa uliza wanaoitwa Kabange."

Wakaja wachache sana, wale waliopewa jina la babu bila kuwa pacha. Ukurasa uliobaki ulikuwa mweupe.

Hebu fikirini. Hapa ni Kamina. Ukisimama sokoni ukaita Kabange, nusu ya soko inageuka. Na masini yetu, iliyosifiwa mkutanoni, ilikuwa inaonyesha nchi ya Waluba ambamo Kyungu wote wamezaliwa pacha na Kabange hakuzaliwa kabisa. Nikamwambia aulize Nsimba na Nzuzi, majina ya pacha wa kabila la Wakongo, kwa sababu Base ina askari wa kila upande. Nsimba wapo. Nzuzi, hakuna. Mbuyi wa Kasai wapo. Kabanga, hakuna. Mbo yupo. Mpia, nyote mnajua.

Fidele alikuwa ameondoa mikono yake kwenye vibonye.

"Wanaandikwa kwa kufuatana," nikamwambia. "Hakuna mama atakayemtaja Kabange kabla ya Kyungu. Nyumba moja, mama mmoja, siku moja. Ukasema chukua wa kwanza."

"Mama, nilizania ni marudio," akasema polepole. "Kila kundi lilikuwa sawa."

"Uliwasoma?"

"Nilisoma hesabu."

Swali lililobaki lilinikera zaidi kuliko kosa lenyewe. Wiki zote hizo nilizokuwa Bukama, mama za Kabange walikuwa wapi? Mbona hakuna aliyepiga kelele? Jolie ndiye aliyenijibu. Walikuja, akasema, wengi tu, nao waliambiwa watumie karte ya Kyungu, wakaenda. Mapasa wanakula sahani moja, wanavaa kitambaa kimoja, wanalala mkeka mmoja. Mama alisikia "tumia ya mwenzake" akaona ni jambo la kawaida. Wema wetu wenyewe ndio uliofunika upumbavu wa ofisi. Mtoto mwenye homa anapona kwa karte ya yeyote. Ilibidi aje mmoja anayehitaji damu, na mama asiyekubali kuitwa mwizi wala kukubali nusu.

Nilikwenda kwa Shefu nikamweleza. Alinisikiliza akizungusha kalamu.

"Bon. Muandike uyo Mpia na mukono, aende ku hopitali," akasema. "Bengine, tutaona kiisha rapport."

"Alishaandikwa mara mbili, Shefu. Usafi unapita alfajiri unamficha tena. Wanamtia damu leo, lakini ugonjwa huu hauishi leo. Atarudi mwezi ujao, hatakuwepo."

"Mama Serafina. Nilishasema ku ba bailleurs kama marudio yameisha. Mukirudisha bale bantu bote, nitasema nini?"

"Useme kama tulificha batoto."

Akaniambia niangalie mdomo wangu, kwa sababu makaratasi yangu ya kustaafu yalikuwa yanasubiri saini yake. Nikamwambia ayatie saini leo, na kama kalamu yake imekauka nimpe yangu. Sikuwa shujaa, msinielewe vibaya. Nilikuwa tu nimechoka na mtu anayejua kuhesabu hadi moja.

Nikarudi chumbani, Shefu nyuma yangu, nikamwomba Fidele kiti chake. Nikaufungua ule mstari. Nikafuta First, nikaandika Single, lile neno lenye hasira, nikaendesha usafi juu ya wote, hata waliofichwa, mbele ya Shefu. Masini haikumaliza hata kupumua. Ikasimama kwenye pacha wa kwanza iliowakuta, ikaandika kwa rangi nyekundu kwamba kundi hili lina zaidi ya mmoja, haiendelei.

"Umeharibu masini," Shefu akasema.

"Hapana, Shefu. Njo mara ya kwanza inasema kweli."

Nje jenereta ilikuwa inakohoa, na kutoka kwenye benchi nilisikia mtoto akilalamika mifupa. Kuwafichua waliofichwa kulihitaji neno la siri ambalo alikuwa nalo Fidele peke yake, na Fidele alikuwa na mke mwenye mimba na mkataba wa muda. Shefu alimtazama. Mimi sikumtazama, nilitazama ukuta, kwa sababu kuna vitu huwezi kumwomba mtu. Kijana akaniinamia begani, akaandika neno lake la siri, akaandika swali: wote waliofichwa na mstari ule, warudishwe. Akabonyeza.

Shefu akatoka. Mlango aliufunga kwa nguvu, kioo kikalia.

Kazi ya kutengeneza vizuri ilichukua siku nyingi, na hiyo ndiyo mnayopaswa kuiga. Tulipanga makundi vilevile, nyumba, mama, siku. Lakini ndani ya kila kundi tulilinganisha majina. Yaliyo tofauti kabisa, ni watu tofauti, usiguse. Yanayokaribiana, Ngoie na Ngoy, yaonyeshwe kwa Jolie, naye aulize nyumbani kwao kabla ya kuficha yeyote. Masini ipange, mtu aamue. Haikuwa mstari mmoja. Ilikuwa mirefu, ya kuchosha, haiwezi kuonyeshwa mkutanoni. Nilikuwa najivunia kila herufi yake.

Shefu alitia saini makaratasi yangu haraka kuliko nilivyotegemea, nikaondoka bila sherehe, hata soda moja sikupewa. Mkataba wa Fidele haukufanywa upya. Sasa yuko Lubumbashi anafanya kazi nzuri, na bado ananipigia simu kuniuliza mambo, wakati yeye ndiye aliyenifundisha. Katika ile rapport, ripoti ya wafadhili, waliandika kwamba mfumo "umeboreshwa". Umeboreshwa. Hakuna mama hata mmoja aliyeambiwa pole.

Na mnaniletea mstari mmoja juu ya meza yangu ya kulia. Mimi sina ugomvi na lugha yenu, naipenda kuliko nyinyi. Ugomvi wangu ni na mtu anayeuliza swali kuhusu watu bila kutaka kuwajua. Mkiandika First, simameni, mtafute nani amesimama nyuma yake, na mjue jina lake.

Lakini sijamaliza kuwaeleza ya asubuhi ile. Fidele alipobonyeza, nilitoka mbio hadi gisheni. Mama Mapasa alisimama, mtoto mgongoni, shavu lake limelala kwenye bega la mama. Jolie alikuwa ameshaketi mbele ya masini yake.

"Jina?" akauliza, ingawa sote tulilijua.

"Mpia."

Jolie akaandika. Tukangoja rezo yetu. Kisha akainua uso.

"Iko," akasema. "Damu O. Iko, Mama. Mwende."

Mama alikuwa ameshageuka kuelekea mlangoni, motari, dereva wa pikipiki, alikuwa anamngoja nje, lakini mtoto alimvuta kitambaa cha bega akamsimamisha. Alikuwa hana nguvu za kuinua kichwa. Alimuuliza Jolie kwa sauti ndogo sana, hadi Jolie alilazimika kuinama kwenye tundu la gishe ili amsikie.

"Na Mbo?"

Jolie akaandika tena, machozi yakimshuka. "Na Mbo iko."

Hapo ndipo alipoachia kitambaa, akakubali kupelekwa.